Zahanati zibaki kwa halmashauri au wapewe watu binafsi? Tulinganishe tukiwa hapa hapa Dodoma

Huu mjadala umerudi tena na kila mtu ana upande wake. Wapo wanaosema afya waachiwe halmashauri kabisa, pesa, watumishi, dawa, kila kitu kiamuliwe huko chini, Wizara ibaki na sera. Wapo wanaosema serikali ishachoka, wapewe watu binafsi wenye mitaji, mwananchi akate bima aende anakotaka. Msimamo wangu nauweka mapema usije ukahangaika kuutafuta: usianze kuuliza jengo ni la nani, uliza nani ameshika pesa, na je bibi wa Mwitikira au Haneti anaweza kumbana mtu gani hiyo pesa isipoonekana. Ukishika swali hilo, mambo mengi ambayo watu wanabishania yanakaa sawa yenyewe.

Kwanza tujue tunalinganisha nini maana humu watu wanachanganya sana. Ugatuaji ni serikali ile ile na mali ile ile ya umma, ila maamuzi yanashuka kutoka Wizarani kwenda halmashauri, na kutoka halmashauri kwenda kwenye kituo chenyewe. Ubinafsishaji una sura nyingi: kuuza hospitali ya serikali moja kwa moja (hiyo kwetu haijawa njia kuu), kuruhusu watu wafungue hospitali zao, kutoza ada kwenye hospitali ya serikali, au serikali kumlipa mtu binafsi atibu watu kwa mkataba au kwa bima. Sasa mtu akisema anapinga ubinafsishaji mwulize anapinga upi, maana kadi yake ya bima akiipeleka hospitali ya misheni tayari yumo ndani ya mmojawapo.

Na wala haya mambo sio mageni kwetu. Baada ya Azimio la Arusha 1967 tulienda upande mmoja kabisa, 1972 halmashauri zikafutwa kwenye ile sera ya madaraka mikoani, 1977 ikatungwa sheria ya kuzuia hospitali binafsi za kibiashara, wakabaki serikali na mashirika ya dini. Uchumi ukayumba, dawa zikakauka. Sheria ya serikali za mitaa ikatungwa 1982, halmashauri zikarudi rasmi 1984, hospitali binafsi zikaruhusiwa tena 1991, na 1993 tukaanza kuchangia gharama hospitalini. Sio bahati mbaya kwamba vilikuja kwa kufuatana. Benki ya Dunia ilitoa ripoti 1987 ikizishauri nchi maskini mambo manne kwa mpigo: toza ada, anzisha bima, tumia sekta binafsi, gatua madaraka. Yaani vilisafirishwa kwenye furushi moja, ndio maana mpaka leo mtu akitaja mageuzi ya afya wengine wanasikia "kuuza hospitali" na wengine wanasikia "madaraka kwa wananchi". Mimi naona tulifungue furushi, kila kitu tukiangalie chenyewe.

PESA

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu.

Upande wa ugatuaji, badiliko kubwa kuliko yote kwa miaka ya karibuni ni pale serikali ilipoanza mwaka wa fedha 2017/18 kupeleka pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Zamani pesa ya mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya ilikuwa inaishia halmashauri, mganga mfawidhi wa zahanati anaandika barua kwa DMO (mganga mkuu wa wilaya) anaomba, anasubiri, akija kupata kitu kinaweza kuwa sio alichoomba. Sasa zahanati ina akaunti yake, ina mpango wake wa mwaka, na kamati ya usimamizi ya kituo ambayo ndani yake wamo wanakijiji ndiyo inayopitisha matumizi. Watu wengi huku vijijini hawajui kabisa hili, wanadhani pesa bado iko kwa mkurugenzi. Hapo ugatuaji unafika pale Katiba inapotaka, maana Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na madaraka bila akaunti ya benki ni maneno tu.

Ila kuna shida na tusiifiche. Halmashauri hazilingani. Jiji la Dodoma baada ya serikali kuhamia huku na CDA, ile mamlaka iliyokuwa inasimamia ardhi na ujenzi wa makao makuu, kuvunjwa 2017 lilipata mapato ya viwanja mpaka likawahi kuongoza nchi nzima kwa makusanyo ya ndani. Sasa nenda Bahi au Chemba, wao wanategemea ushuru wa mazao, alizeti, ufuta, mtama, mpunga kidogo wa Bahi, na mvua ikigoma, huku kwetu inagoma mara nyingi, mapato yanaanguka mwaka ule ule ambao watu wanaumwa zaidi na watoto wanakonda. Halafu serikali kuu yenyewe iliwahi kuchukua kodi ya majengo kutoka halmashauri ikaipeleka TRA 2016, na tangu 2021 tunakatwa kwenye LUKU. Huwezi kumwambia mtu jitegemee huku unamchukulia chanzo chake. Kwahiyo mtu akikwambia ugatuaji umeshindwa Chemba, mwulize kwanza kama uliwahi kufanyika.

Upande wa ubinafsishaji pesa inatoka kwa mgonjwa au kwenye bima yake, na mwenye mtaji anaifuata ilipo. Tembea Dodoma mjini uone, tangu watumishi wahamie zimefunguka kliniki, maabara, maduka ya dawa, Area C, Kisasa, Ilazo, Nkuhungu huko. Ni jambo zuri na limepunguza foleni General, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Lakini hakuna mwekezaji aliyekurupuka kwenda Mpwayungu kufungua wodi ya wazazi, na simlaumu, atalipwa na nani? Wakati muswada wa bima ya afya kwa wote unajadiliwa Wizara yenyewe ilikuwa inasema wenye bima nchini ni kama asilimia 15 tu. Hao wengine wanalipa mkononi, na mkulima mkononi ana pesa mwezi wa sita mwezi wa saba akivuna, lakini malaria inakuja wakati wa mvua akiwa hana kitu kabisa.

Na kuna kundi ambalo soko haliwezi kulihudumia hata kidogo: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza. Kwa sera hawa wanatibiwa bure kwenye vituo vya umma. Mtu binafsi hawezi kuwatibu bure labda serikali imlipe, na ikimlipa basi tumerudi kwenye pesa ya umma.

DAWA

Kwenye dawa Dodoma tuna ushahidi wetu wenyewe, tusiende kuazima mbali.

Kila mtu anajua hadithi ya kuandikiwa dawa halafu dirishani unaambiwa kanunue nje. MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, ilianzishwa kwa sheria ya 1993, ndiyo inayosambaza, ila siku zote kuna vitu vinakosekana. Zamani kikikosekana kila kituo kinahangaika kivyake, mfawidhi anakusanya bei tatu za maduka, kiasi chenyewe kidogo, bei ya juu, na hakuna anayejua ubora. Mwaka 2014 mkoa wetu wa Dodoma ndio ulioanza mfumo wa Jazia, kwa msaada wa mradi wa Waswisi. Mkoa unatangaza zabuni, unachagua mshitiri mmoja binafsi, yaani muuzaji wa dawa wa mkoa mzima, mnakubaliana orodha na bei. Kituo kinaagiza MSD kwanza, MSD ikisema haina, oda za vituo zinajumlishwa halmashauri zinapelekwa kwa mshitiri kwa pamoja. Morogoro na Shinyanga wakafuata, mpaka 2018 ikawa nchi nzima.

Angalia kilichotokea hapo. Muuzaji ni mtu binafsi, anapata faida yake halali. Lakini pesa ni ya kituo, oda imeamuliwa kituoni, bei imefungwa na mkoa, na mshitiri akileta dawa mbovu au akichelewa kuna mkataba wa kumshika. Hakuna zahanati iliyouzwa na hakuna mgonjwa aliyeongezewa bei. Kwangu mimi hii ndiyo namna ya kumwingiza mtu binafsi, umpe kazi anayoiweza na ushike mkoba wewe.

Linganisha na maduka ya dawa muhimu, yale yaliyochukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, mpango ulioanzia Ruvuma 2003 hivi. Yamesaidia sana vijijini, kuna vijiji duka liko karibu kuliko zahanati. Lakini pale mgonjwa ndo mnunuzi, na mgonjwa hajui kama anahitaji antibiotiki au hahitaji, muuzaji anaishi kwa kuuza, kwahiyo usimamizi ukilegea watu wanauziwa vidonge nusu dozi. Wote ni watu binafsi, tofauti iko kwenye nani anaamua kinunuliwe nini.

WATUMISHI

Hapa pande zote mbili zinachechemea na nitapita haraka. Tunasema tumegatua lakini ajira haijagatuliwa, vibali na upangaji wa vituo vinatoka juu, halmashauri inapokea majina. Anapangiwa nesi wa kutoka mbali kabisa, anafika Chemba hana nyumba, maji ya shida, baada ya muda anaomba uhamisho kuja mjini, na DMO hana cha kumzuia nacho. Binafsi akitaka mtu anaajiri wiki hiyo hiyo, na akizembea anamtoa. Ila anampata wapi huyo mtu? Mara nyingi ni huyo huyo wa serikali, jioni yuko kliniki ya mtu, na mchana kazini amechoka. Vituo vikishika mapato yao vinaweza kuajiri kwa mkataba mtu wa maabara au wa data, baadhi vinafanya hivyo na naona ni njia ya kuipanua.

UMBALI NA USIKU

Mjamzito ameshikwa na uchungu saa nane usiku kijijini. Hicho ndio kipimo changu cha mfumo wowote, na nakichukulia kwa uzito kuliko mengine yote yaliyoandikwa hapa.

Soko peke yake linamwambia tafuta gari, lipia. Serikali peke yake inamwambia subiri ambulensi ambayo labda iko safari nyingine. Mfumo wa m-mama, ule wa kupiga 115 bure, umechanganya: anaita, kituo cha mkoa kinapanga, ambulensi ikiwepo inakwenda, isipokuwepo anaitwa dereva wa jamii mwenye gari lake na analipwa kwa pesa iliyotengwa. Gari la mtu binafsi limembeba mama bila mama kuulizwa nauli. Kama wewe ni mjumbe wa kamati yoyote hakikisha watu wa kijiji chako wanaijua hiyo namba na madereva wameandikishwa.

HOSPITALI ZA DINI

Hizi watu wanaziweka kapu moja na hospitali za biashara, sio sawa. Mvumi pale Chamwino, ya Waanglikana, au Mtakatifu Gaspar kule Itigi mkoa wa Singida, wametibu Wagogo na Wanyaturu miaka mingi, wagonjwa wanatoka mpaka Tabora. Mvumi ilikuwepo hata kipindi kile cha 1977 wengine walipofungiwa. Serikali ikawa inaingia nao mkataba, inapeleka ruzuku na watumishi, hospitali ya dini inafanya kazi kama hospitali ya wilaya, ndo zile tulizoziita hospitali teule. Mpango huu ni wa zamani kuliko maneno yote ya ubia tunayosikia siku hizi. Udhaifu wake ni pale ruzuku inapochelewa, hospitali inaongeza ada ili iishi, na maskini ndiye anayeisikia hiyo ada. Kwahiyo tena tumerudi kwenye mkoba.

BIMA, NDIPO WANAPOKUTANA

NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilianza 2001 kwa watumishi wa umma, mtumishi asilimia 3 na mwajiri asilimia 3. CHF, mfuko wa afya ya jamii wa wakulima, ilianzia Igunga 1996, sheria yake 2001, na ile CHF iliyoboreshwa ya 2018 kwa sehemu kubwa ilijifunza kutokana na yaliyofanyika hapa Dodoma. Ilikuwa elfu 30 kwa mwaka, kaya ya watu mpaka sita, kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa kaya ya kijijini kilikuwa kitu cha maana sana, tatizo lilikuwa kadi kuwepo na dawa kutokuwepo, mwaka unaofuata mtu harudii.

Bima pia ndipo mtu binafsi anapoonyesha nguvu zake. Machi 2024 hospitali nyingi binafsi ziligoma kupokea wanachama wa NHIF kwa sababu ya bei za kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na malipo yake, na wagonjwa wakakimbilia hospitali za serikali. Sisemi nani alikuwa na haki kwenye bei. Nasema siku ile tulionyeshwa kwamba mtu binafsi anaweza kufunga mlango na serikali haiwezi, kwahiyo nchi ikiwa haina hospitali zake zenye uwezo inakaa mezani kujadili bei ikiwa imeshashindwa. Dodoma tulikuwa na General na Benjamin Mkapa pa kwenda. Sheria ya bima kwa wote ilishapita 2023, kadiri inavyotekelezwa hilo tuliweke mbele.

WENGINE WAMEPITA WAPI

Kenya waligatua kwa kasi 2013, kaunti 47 zikapewa afya karibu yote ndani ya miezi wakati katiba yao iliruhusu mpaka miaka mitatu. Hospitali zimejengwa mpaka kule kaskazini kulikosahaulika, hilo wapewe sifa. Lakini mishahara na vyeo vilivurugika, madaktari wakagoma kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, siku 100, na manesi wakafuata. Kumbe watumishi ukiwagatua bila maandalizi unaumiza wagonjwa.

Chile walifanya vyote kwa mpigo 1981, zahanati kwa manispaa na bima kwa makampuni binafsi. Makampuni yakachukua vijana na wenye vipato, wazee na wagonjwa wakaachiwa mfuko wa umma, manispaa tajiri ikawa na zahanati nzuri na maskini ikabaki hivyo hivyo. Hayo ya Bahi na Jiji, wao waliyaona miaka 40 iliyopita.

Na kwetu wenyewe, nje ya afya, tukumbuke maji ya Dar yaliyokabidhiwa kwa City Water 2003 mkataba ukavunjwa 2005, na reli ya kati, hii inayopita hapa stesheni, RITES ya India wakapewa asilimia 51 mwaka 2007 na 2011 serikali ikairudisha. Mikataba mikubwa ya kumkabidhi mtu mmoja kitu kizima imetuangusha. Midogo, yenye kazi moja inayopimika kama Jazia, imefanya kazi.

Kwa upande wa ugatuaji mfano mzuri uko jirani tu, Morogoro Vijijini pamoja na Rufiji, ule mradi wa kuanzia 1996 hivi. Timu za afya za wilaya zilipewa takwimu za magonjwa yanayoua watu wao na nyongeza ndogo ya pesa, wakaambiwa pangeni wenyewe. Wakakuta bajeti ilikuwa haifuati magonjwa, wakahamishia pesa kwenye malaria na magonjwa ya watoto. Vifo vya watoto wadogo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka kama mitano. Hawakujengewa majengo makubwa, walipewa takwimu, pesa kidogo na ruhusa ya kuamua.

SASA UNACHAGUAJE

Kama uko Jiji, una ajira, una NHIF, huduma binafsi ikuongezee uchaguzi, haina ubaya, ila usishangilie General ikidhoofika maana ICU na damu ya usiku wa ajali ya Kibaigwa utavifuata huko.

Kama uko kata ya pembezoni, zahanati ya umma yenye akaunti yake ndo chaguo, sioni lingine. Na vitu vya kuwapa watu binafsi viwepo: usambazaji wa dawa, usafiri wa dharura, matengenezo ya mashine, hata usafi.

Mtihani unakuja kwenye yale maboma. Tangu mpango wa MMAM (Maendeleo ya Afya ya Msingi) wa 2007, zahanati kila kijiji kituo cha afya kila kata, watu wamechanga, wamesomba mchanga, wamefyatua matofali, na kuna sehemu boma limesimama miaka halina paa. Halafu anakuja mtu au taasisi inasema tupeni tumalizie tuendeshe. Sio lazima mkatae. Lakini kabla mkutano wa kijiji haujanyoosha mikono, diwani atoe majibu haya kwa maandishi: ardhi na jengo vinabaki kwa jina la nani, mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano watatibiwa bure au la, na kama bure nani analipa na kwa ratiba gani, kadi ya bima itapokelewa, bei nani anaziidhinisha zikitaka kupanda, wanakijiji wangapi wamo kwenye kamati na kama wanaona hesabu, mkataba ni wa miaka mingapi na unavunjwaje, na wakiondoka ghafla nani anawasha taa kesho yake asubuhi.

Na kwa zahanati ambayo tayari inafanya kazi, nenda ukaulize kamati ya kituo ina nani, mara ya mwisho ilikaa lini, na pesa ya robo mwaka iliyopita imeingia kiasi gani. Taarifa hiyo inatakiwa kubandikwa ubaoni. Isipokuwepo ubaoni muulize mfawidhi kwa heshima tu, akisema hajui nenda kwa mtendaji wa kijiji, kisha diwani, na nendeni wengi.